Kicheni pati ya kizamani: anza na kabati la mama mkubwa

Swali: "Shikamoo mama. Niko Uyole, Mbeya. Mdogo wangu anaolewa Agosti, na kicheni pati yake tumeiweka Jumamosi moja katikati ya Julai, nyumbani kwetu, wanawake kama 60. Nimeona kwenye simu picha za sherehe zilizopambwa kizamani: lesi, masanduku ya ngozi, vikombe vya chai vyenye maua ya waridi. Nimezipenda sana. Mpambaji niliyemuuliza anavikodisha vitu hivyo kwa bei inayokula zaidi ya nusu ya michango yetu. Mama mkubwa naye hataki kusikia, anasema upande wa mume watadhani tumeshindwa kununua vipya. Naweza kupamba mwenyewe? Nianzie wapi, na nifanyeje isionekane kama stoo?"

Marahaba, mwanangu. Unaweza. Ila kabla ya mapambo nimtetee kwanza mama mkubwa wako, kwa sababu hofu yake ina chanzo.

Mwanamke aliyekuwa na nyumba yake miaka ya mwanzo ya 80 alipanga foleni ya sabuni na sukari. Sahani ya enameli kwake si urembo. Aliilia kwa sababu nyingine haikuwepo dukani. Leo wewe unamwambia unataka kuiweka mezani mbele ya wakwe, tena makusudi, halafu unashangaa akikunja uso. Angekubali haraka ningemwonea shaka.

Lakini mama huyohuyo, nina hakika, ana kabati la vyombo sebuleni. Lile la vioo, lenye kufuli dogo. Ndani mna seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu, glasi ndogondogo zilizopangwa kwa urefu, chupa ya chai yenye maua mekundu ubavuni, pengine na trei ya kioo. Vingi vya namna hiyo viliingia majumbani biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, enzi za Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, na vilinunuliwa kwa jasho. Havijawahi kunywewa chai. Ni vya wageni, na mgeni anayestahili amekuwa haji kwa miaka 30 na zaidi. Nenda kwake na kilo ya sukari, kaa chini, mwambie mgeni amefika. Usimwombe ruhusa ya "mapambo ya zamani", muombe akuazime kabati lake, na vyombo vyake vikae meza ya mbele alipo bibi harusi. Ukipata hilo umemaliza nusu ya kazi, na upande wa mume wakiingia atakuwa yeye wa kwanza kuwaeleza seti ile aliinunua wapi.

Sasa hizo picha. Lesi nyeupe, vikombe vya waridi na masanduku ya ngozi ni mambo ya kale ya Uingereza, ya Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901 na ya mabibi waliomfuata. Ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ila kumlipa mtu akukodishie bibi wa Kiingereza wakati bibi yako mzaa mama yupo Tukuyu na kinu chake, hapo ndipo mimi nabishana na wateja wangu. Tena hii ni kicheni pati. Kikao chenyewe ni cha jiko na cha kumfunda binti. Vyombo vya jikoni vya zamani vinakaa pale kwa haki yao, havihitaji kisingizio.

Kwa hiyo amua kwanza: zamani ipi? Kwetu ziko mbili zinazochanganywa ovyo. Kuna zamani ya bibi, yaani udongo, mianzi, vibuyu, kinu, jiwe la kusagia na chemli. Na kuna zamani ya mama: enameli, vitambaa vya kufuma kwa kroshia, redio ya kaseti, cherehani, tranka la bati, picha za studio. Ukivimwaga vyote kwenye meza moja, hapo ndipo stoo inapozaliwa. Mimi ningekushauri meza ya bibi harusi na meza za wageni ziwe za mama, halafu mlangoni, mbali na hizo, uweke kona moja ya jiko la bibi. Mgeni akiingia anapita kwa bibi kabla hajafika kwa mama. Mpangilio huo wenyewe unaeleweka bila MC kuueleza.

Kona ya bibi haitaki vitu vingi. Mkeka, kinu na mchi wake, ungo umeegemezwa ukutani, kigoda, vibuyu viwili, na chungu kikubwa. Kwa vyungu, ukipata mtu anayetoka Kyela mwagize vya Wakisi. Vinafinyangwa na akina mama wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa, na huuzwa soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Vimetulia kwa umbo na havina rangi za kelele. Lakini usimimine maji ya maua moja kwa moja ndani ya chungu kipya. Udongo hutoa jasho, na baada ya saa mbili kitambaa chako kitakuwa na duara la maji chini yake. Tumbukiza kopo au chupa iliyokatwa ndani ya chungu, maua yakae humo. Kama una ndugu Njombe, mbeta za mianzi za kugemea ulanzi nazo ni vyombo vya maua vizuri ajabu, ila zisuuze mara tatu. Harufu ya ulanzi uliochacha kwenye kicheni pati italeta maswali.

Vikapu vya Iringa, vile vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe, ningeviweka kwenye meza za wageni, kimoja kila meza, maua machache au matunda ndani. Vikikaa hugeuka rangi vikawa kahawia ya asali, kwa hiyo usikatae vya zamani, ndivyo vizuri zaidi. Sherehe ikiisha, mama mkubwa kuliko wote katika kila meza anaondoka na kikapu. Hiyo inakutoa pia kwenye gharama ya vizawadi vya plastiki ambavyo havifiki hata stendi ya Kabwe bila kuvunjika.

Vitambaa ndivyo vitakavyokugharimu muda. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa utapata mapazia ya lesi na vitambaa vya meza, bei sitakutajia maana hupanda kufuatana na viatu vya mnunuzi. Tatizo lake ni weupe, vinang'aa kama wodi. Kitu cha zamani hakina weupe huo. Dawa unayo jikoni: chai. Kwanza pima kama kitambaa ni pamba. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukijikunja na kuacha kijishanga kigumu, hiyo ni poliesta au ndugu yake, na chai haitaishika sawasawa, usijisumbue. Kwa pamba, chemsha majani ya chai vijiko vikubwa vitano kwa kila lita ya maji, yachuje kwa kitambaa kizito maana jani moja likiponyoka linaacha doa kama chunusi. Lowesha lesi kwa maji matupu kwanza, ikamue, ndipo uitumbukize kwenye chai ya moto na uwe unaigeuza kwa mwiko kwa nusu saa hivi. Itaonekana imekolea mno. Usiogope, ikikauka hupungua. Suuza kwa maji baridi yenye siki kidogo, anika kivulini, piga pasi. Fanya zote siku moja kwenye sufuria moja, la sivyo utakuwa na meza sita za rangi sita.

Vitambaa vya kufuma vya makochi usivitie chai. Hivyo tayari ni vya zamani, na mwenyewe atakulaani.

Chai hiyohiyo inafaa kwa kadi za mwaliko, kama bado hamjachapisha. Chapisha maandishi kwanza, kwa mashine ya fotokopi, kisha ndiyo upitishe chai kwa brashi. Wino wa printa za kawaida hutiririka ukikutana na maji, lakini ule wa unga wa fotokopi haung'oki. Kausha kadi zikiwa bapa, zilaze chini ya vitabu usiku mmoja. Na kama mnataka kadi ya kwenu kabisa, iigeni tiketi ya treni. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sidhani kuna familia ya Mbeya isiyokuwa na mjomba aliyewahi kuipanda au kuifanyia kazi. Kutoka: kwa Mama. Kwenda: kwa Mume. Daraja: la Kwanza. Nilimfanyia hivyo binti mmoja ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli, na kadi zile watu hawakuzitupa.

Nyuma ya kiti cha bibi harusi, mahali ambapo mpambaji angekuwekea ukuta wa maua ya plastiki, tundika kanga za zamani. Omba kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa majirani, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini. Kila kipande ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo vipande kumi vikipishana kwenye kamba mbili vinajaza ukuta wa kutosha. Bana kwa vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, usitoboe na pini kitu cha watu. Chagua zinazoelewana rangi. Ukipata nyingi zenye nyekundu na nyeusi, basi nyekundu ndiyo iwe rangi yako ya siku na kila kitu kingine kiwe cha udongo au cha maziwa.

Halafu soma majina. Zote. Soma kwa sauti, mkiwa wawili. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalozungumza. Miaka ya nyuma, Iringa, nilitundika kanga kumi na mbili usiku kwa mwanga hafifu na nikafurahia rangi zake. Asubuhi, iliyokuwa juu kabisa ya kichwa cha bibi harusi ilisomeka "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Aliyeisoma wa kwanza alikuwa mama wa bwana harusi. Tulicheka baadaye, baadaye sana. Zenye mafumbo ya wivu na ya majirani zikunje ujumbe uwe ndani, au uzirudishe. Weka "Wema hauozi" katikati, ulale usingizi.

Picha za familia, zile za studio za nyeusi na nyeupe, watu wamesimama kama wanajeshi mbele ya pazia lililochorwa, hizo ni dhahabu. Usilete picha halisi hata moja. Kazipige nakala, zichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa, uzifunge kwenye kamba ya katani. Kabla ya kuzitundika mwonyeshe mama mmoja mmoja aseme ipi isitoke. Kuna waliofariki karibuni, na kuna waume wa kwanza. Hayo hutayajua wewe.

Maua. Julai si msimu wa kujivunia, lakini hutaki mengi. Waridi za bustani za watu, zikatwe alfajiri kabla jua halijazigusa, na matawi ya mkaratusi, ambayo hukaa siku nzima bila kunyauka na yananukia vizuri. Vunja majani yote yatakayozama majini. Ukibahatika kupata maua ya pareto kutoka kwa mkulima wa Uporoto, yale meupe yenye jicho la njano, yanapendeza kwenye vikombe vya enameli kuliko ua lolote la dukani, ila yashike kwa glavu, kuna watu ngozi yao huwashwa. Atatokea mtu akuambie, twende Kitulo tukachume. Mwambie kule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hakuchumwi, na okidi zake huchanua wakati wa mvua, si Julai.

Enameli iliyobanduka, kwa njia, iwe ya maua tu. Ile iliyopasuka mpaka chuma kikaonekana usimpe mtu chakula humo. Kwa kula na kunywa tumia vyombo vizima, hata vikiwa vipya, na kikombe cha enameli chenye chai ya moto mpe onyo anayepewa, midomo ya wengi imeungulia hapo.

Suala la taa nalirudia kwa kila mtu mpaka wananiona mkali. Chemli mbili tatu zinapendeza, nakubali. Safisha vioo kwa jivu laini na gazeti, vitang'aa. Lakini usiwashe kwa mafuta ya taa. Niliwahi kuziwasha kwenye ukumbi mmoja nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii. Kwanza pilau yote ilinuka mafuta ya taa. Pili, mtoto alivuta kitambaa, lesi ikashika moto pembeni, tukauzima kwa juisi ya ukwaju. Toa utambi, weka ndani taa ndogo za betri zenye mwanga wa njano. Umeme ukikatika, hizo ndizo zitakazowaokoa.

Na baridi. Uyole iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, hilo unalijua kuliko mimi. Anzeni saa saba mchana, somo, yule mama wa kumfunda binti, awe ameshakaa saa tisa, zawadi zimalizike kabla jua halijazama. Mvua haitawasumbua, upepo ndio utakaowasumbua, kwa hiyo kila kitambaa cha meza kiwe na mzigo pembeni. Atakayependekeza kuingiza majiko ya mkaa ndani ya turubai lililofungwa pande zote, mkatalieni hata kama ni mjomba. Hewa ya mkaa huua bila kunuka. Jiko likae nje, na juu yake birika kubwa la chai ya tangawizi lisilokauka. Mgeni akipewa kikombe cha moto mlangoni na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha kwenye ungo, atasamehe mengine yote.

Kuhusu sare, kuna rafiki wa mdogo wako atakayesema wote wavae mini na mawigi ya miaka ya 60. Mkumbushe kwamba Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana kupiga marufuku vitu hivyohivyo Dar es Salaam, na baridi ya Uyole itavipiga marufuku upya. Gauni refu la kitenge na kilemba kilichofungwa vizuri vinatosha, na vinafanana na zile picha za kwenye kamba.

Muziki usiumize kichwa. Tafuta redio kubwa ya zamani, hata kama imekufa, iweke juu ya cherehani, na nyuma yake ufiche spika yenye nyimbo za dansi za miaka ya 60 na 70. Akina mama watainuka wenyewe. Wasipoinuka, spika imefichwa mno.

Ili isionekane stoo, vitu vitatu hufanya tofauti: usafi, urefu na nafasi tupu. Kila chombo kioshwe na kifutwe, shaba isuguliwe kwa limau na jivu. Meza ya mbele iwe na kitu kirefu, cha kati na kifupi. Tranka mbili zikipandana, juu yake seti ya chai, pembeni yake fremu ya picha, basi. Kisha simama mlangoni utoe kitu kimoja kati ya vinne ulivyoweka. Utaumia, toa tu. Na plastiki yoyote inayoonekana kutoka mlangoni, pamoja na viti vile vyeupe vya kukodi, ivalishwe kitambaa au ikae mbali, kwa sababu inaharibu macho kuliko kitu chochote nilichokitaja.

Katika ratiba, badala ya ule mchezo wa kumfunga binti karatasi za chooni, ambao sijawahi kuuelewa, mpe MC dakika 20 za wenye vyombo. Kila mama aliyeazima kitu asimame pale kilipo, aseme kilitoka wapi na kilimfundisha nini ndani ya ndoa. Mwenye kinu ataeleza zamu za kutwanga na wifi zake. Mwenye chupa ya chai ataeleza mgeni aliyekuja usiku. Somo atakuwa na kazi nyepesi baada ya hapo. Mama mkubwa aanze.

Pesa mtakayookoa kwenye kukodi vitu, iongezeni kwenye chakula na kwenye turubai zuri. Nyingine mlipeni kijana mmoja mwenye nguvu na bajaji ya mizigo kwa siku mbili, Ijumaa na Jumapili. Ijumaa akusanye, Jumapili arudishe. Chini ya kila chombo bandika plasta yenye jina la mwenyewe, na yote yaandikwe kwenye daftari: kitu, mwenye nacho, kilikuwa na ufa au hakikuwa na ufa. Mimi nimewahi kupoteza ungo wa mtu Sokomatola, na mpaka leo tukikutana huyo mama hunisalimia kwa kuuliza habari za ungo.

Seti ya chai ya mama mkubwa usimpe yule kijana. Ifunge kwenye magazeti, uipakate mwenyewe mpaka kabatini, uipange kama ulivyoikuta. Na vyungu na nyungo za watu zisirudi tupu. Tia hata kibaba cha mchele wa Kyela.